Kidole cha Baba na Gari la Mbeya

Kwako Skola, mwanangu wa mwisho na mwenye kelele kuliko wote,

Barua huanza kwa mtu kuuliza hali ya mwenzake. Hali yako naijua. Nimekaa hapa nyuma ya kaunta ya duka, dirisha la uani liko wazi, na nakusikia unavyobishana na mama yako kama blanketi la pili liingie sandukuni au lisiingie. Mama yako anasema Mbeya kuna baridi. Wewe unasema chuo kina mablanketi. Liingize, mwanangu, usichoshe watu. Sisi wa Ufipa tumezaliwa kwenye baridi na bado hatujaizoea.

Sitakupa maagizo ya safari. Nani wa kukaa naye kwenye gari, nini usile njiani, pochi uifiche wapi, hayo mama yako anakupa tangu Jumapili na wewe huyasikii. Na kwanza, katika nyumba hii nani anampa nani maagizo? Umeniagiza mpaka namna ya kukata kucha. Msichana ambaye hajaingia hata siku moja kwenye hicho chuo cha uuguzi! Ukimaliza masomo si utaniamuru na namna ya kupumua?

Naandika kwa sababu ya maneno ya jana. Rafiki yangu Masanja alikuwa amekuja zake kuleta maziwa, mtu wa watu, hana hili wala lile. Wewe ukasimama katikati ya uwanja na ufagio mkononi, ukasema, "Baba, kama hukubali kukatwa hicho kidole, mimi kesho kutwa sipandi gari."

Nikakuambia, "Kidole ni changu."

"Na safari ni yangu," ukasema.

Masanja akacheka mpaka maziwa yakamwagika. "Mzee," akasema, "huyu ulimzaa au ulijinakili?"

Tangu hapo nina hasira. Nimekukasirikia wewe, nimemkasirikia Masanja, nimekikasirikia kidole, nimemkasirikia yule daktari kijana anayesema kisipoondoka kidole sasa hivi utaondoka mguu, na mguu usipoondoka nitaondoka mimi. Nimevikasirikia viatu. Nimeikasirikia sukari. Mtu mzima wa umri wangu anaikasirikia sukari! Na kwa kuwa huwezi kumkatiza mtu kwenye barua, leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Kidonda hiki cha kidole unakijua kwa upande wa kukifunga bendeji. Upande wangu ni huu. Pasaka iliyopita nilivaa viatu vya mtumba, vyeusi, vyembamba mbele kama mdomo wa kuku. Muuzaji pale mnadani aliniapia kwamba vimetoka Ulaya, kwenye miguu ya mtu mkubwa. Sikuuliza kwa nini huyo mkubwa alivitupa. Vilinibana, nikajiambia vitalegea. Nikaenda navyo misa, nikasimama, nikapiga magoti, nikasimama tena, kisha nikazunguka mji mzima nikiwapa watu heri ya Pasaka ili wanione miguu. Jioni mama yako akanivua viatu. Akakikung'uta kiatu cha kushoto, ikadondoka punje ya hindi. Punje nzima, kavu, ngumu kama jiwe. Akaangalia soksi, imelowa damu.

"Mzee, umetembea na hii tangu asubuhi?"

"Sijui."

"Hukuisikia?"

"Sikuisikia."

Mama yako hakusema kitu. Unamjua. Akipiga kelele, mambo ni ya kawaida. Akinyamaza, tafuta pa kukaa.

Na mimi nilikuwa nakumbuka miguu niliyokuwa nayo. Enzi za ujana wangu kule Kasense tulilima ntumba. Wewe umeziona chache tu, yale matuta ya mviringo ambayo majani yanafukiwa ndani yaoze mpaka msimu unaofuata, ndipo tunayasambaza na kupanda ulezi. Asubuhi ya baridi, umande umetanda, nilikuwa napanda juu ya ntumba peku. Chini ya nyayo nasikia joto la majani yanayooza. Kwa nyayo tu nilijua hili limeiva na hili bado. Baba yangu alikuwa ananiuliza kutoka ng'ambo ya shamba, "Hilo vipi?" nami najibu bila kuinama. Leo miguu hiyo hiyo inabeba punje ya hindi kutwa nzima kama haina mwenyewe.

Usifikiri nataka kukuimbia habari za zamani. Wazee wenzangu wanapokaa na kusema eti zamani watu hawakuugua, natamani niwapige na fimbo. Zamani tulikufa, Skola. Hatukuwa na nafasi ya kuugua kisukari kwa sababu tulikufa kabla ya kufika huko. Mama yangu alizaa wengi, na wengi wao surua iliwachukua wakiwa bado hawajajifunza kufukuza ndege shambani. Nilikuwa na dada, Veronika, aliyekuwa ananibeba mgongoni ingawa alinizidi kidogo tu. Alianza kuhara asubuhi. Jioni tulikuwa tunamwosha kwa ajili ya kumzika. Maji tulikuwa tunachota kijitoni, chini ya pale walipokuwa wanakunywa ng'ombe. Kwa hiyo mtu akikuambia turudi kwenye maisha ya mababu, mwambie atangulie.

Ila kuna kitu kimoja tulikuwa nacho ambacho tulikiharibu wenyewe, tena tukicheka. Kulima ntumba peke yako ni kifo. Kwa hiyo ukipika pombe ya ulezi, unawaita majirani, wanakuja na majembe. Mnalima mkiimba, mkitukanana, mpaka jua linapinda. Ndipo mnakaa kuuzunguka mtungi, na ile pombe inaingia kwenye mwili uliokwisha kutoa jasho. Ilikuwa nzito, ilikuwa chakula. Mtu asiyelima alikuwa hathubutu hata kupita karibu. Marehemu babu yako alimwona mtu mmoja anakuja na jembe lisilo na udongo, akamwambia, "Karibu sana, ndugu yangu, mtungi uko shambani."

Sasa nikueleze jinsi baba yako mwenye akili nyingi alivyoingia kwenye kisukari kwa miguu yake mwenyewe.

Wewe ulikuwa bado hujazaliwa ile miaka ya foleni. Sukari ilikuwa inasikika tu kama habari ya mtu aliyeko Ulaya. Duka la kijiji lilikuwa na rafu, mizani, na muuzaji anayepiga miayo. Siku ikija sukari, watu wanajipanga kabla jogoo hajawika, na mara nyingi inaisha ikiwa imebaki migongo miwili mbele yako. Uji tulikunywa na chumvi. Sabuni ilikuwa ya kuazimana, tena kipande, tena unakirudisha kikiwa kimelowa ili mwenyewe aone umekitumia kidogo. Kaka yako mkubwa alipougua, mama yako alitembea mpaka kwa masista kuomba sukari ya kumkorogea maji ya chumvi na sukari, wakampa kwenye kikaratasi. Njiani akakutana na mimi. Nikalamba kidole, nikakichovya. Alinipiga kofi hapo hapo barabarani, na nilistahili.

Kisha ikaja ruksa. Mwenye mtaji auze, mwenye lori alete, mwenye njaa anunue. Ghafla Sumbawanga ikajaa vitu. Vitambaa, redio, biskuti, mafuta ya kula yanayong'aa, soda za kila rangi. Nikauza ng'ombe nikafungua hili duka, nikawahamisha wote kutoka Kasense kuja hapa mjini, na shehena ya kwanza niliyoshusha ilikuwa gunia la sukari. Unajua nilifanya nini usiku ule? Nililala nalo chumba kimoja. Mama yako akauliza, "Unaogopa wezi?" Nikasema ndiyo. Uongo. Nilitaka kuamka nilione.

Ndiyo maana nakasirika daktari anaponiuliza, kwa sauti ile ya kumwuliza mtoto, "Kwani mzee hukujua kwamba sukari nyingi si nzuri?" Kijana wa watu, sukari nyingi niliijulia wapi? Maisha yangu yote nilijua sukari kidogo. Nilikuwa nakunywa chai tamu mpaka kijiko kinaogopa. Soda nilikuwa nafungua asubuhi, nikikaa pale barazani ili wapita njia waone. Nilipoanza kunenepa, nani aliniambia ninaugua? Watu walinipongeza! Padre alinishika tumbo akasema, "Naona duka linalipa." Waliokuwa wananiita kwa jina wakaanza kuniita Mheshimiwa. Shemeji zangu walianza kuniamkia kwa heshima ambayo sikuwa nayo siku nawaletea mahari. Tumbo hili lilinipa kiti cha mbele kwenye kila harusi ya mtaa huu. Halafu leo mnaniambia ni ugonjwa.

Na ugali! Mashine ya kukoboa ilipofika mjini, kula dona ikawa aibu. Ulezi ndio usiseme, ulikuwa chakula cha watu wa kijijini na wagonjwa. Sisi wa mjini tulikula sembe, nyeupe kama shuka la hospitali. Pumba tulizipeleka kwa nguruwe. Mama yako alinung'unika, nikamwambia, "Mke wangu, nimefanya kazi ili watoto wangu wale kilicho cheupe." Wale nguruwe walivyonawiri! Manyoya yanang'aa, wanazaa kama hawana akili. Sisi tuliokula weupe tukawa tunachoka kupanda ngazi za benki. Nilikuwa natazama zizi kila asubuhi na haikunijia hata siku moja kwamba huenda wao ndio wamekaa mezani.

Lakini upumbavu mkubwa kuliko wote ni wa ile pombe. Shamba la Kasense sikuliacha, ila mimi sasa ni mwenye duka, nitashikaje jembe? Mbolea ya dukani ilikuwa imeingia, watu wanaitupia kwenye mahindi na mahindi yanajibu, ntumba za nini? Nikawa naweka vibarua. Wanalima, nawalipa, wanaondoka zao. Hakuna wimbo, hakuna matusi. Halafu jioni sisi wenye mashamba, tuliokaa kutwa nzima, tukawa tunakutana kunywa pombe ya ulezi! Tulitupa jembe, mtungi tukaubakiza. Na hatukuona ajabu yoyote. Tulikuwa tukinywa pombe ya kazi ambayo hatukuifanya, tukiwasema vibarua kwamba siku hizi vijana ni wavivu.

Masanja ndiye aliyeona. Yeye ni Msukuma, alihamia bonde la Mtowisa na ng'ombe wake, na wakati ule alikuwa ndio kwanza anapanda huku juu kutafuta soko la maziwa. Hakuwa anajua mila zetu. Akatukuta, akauliza kwa adabu kabisa, "Wazee shikamooni. Mmelima wapi leo?" Tukaangaliana. Mmoja wetu akasema, "Leo tumepumzika." Masanja akasema, "Poleni na kupumzika." Nilimchukia mwaka mzima kwa neno lile, kisha tukawa marafiki.

Mbolea nayo ikapanda bei ile misaada ya serikali ilipoondolewa, na udongo ulikuwa umeshazoea kulishwa kijiko kwa kijiko kama mgonjwa. Mahindi yakawa ya njano. Wenye nguvu ya kurudia ntumba wakarudia. Mimi nilikwenda, nikashika jembe, nikafukia tuta moja, nikakaa chini nikiwa naona nyota mchana. Kiu iliyonishika siku ile sijawahi kuiona. Nikarudi mjini nikafungua soda. Nyingine nikafungua. Mtu anajimwagia mafuta ya taa kuzima moto.

Nilipokwenda hospitali hatimaye, nilikuwa namwaga mkojo mpaka mama yako akahamia kulala chumba cha watoto. Zamani hospitali ilikuwa bure, ingawa dawa haikuwepo. Sasa dawa ilikuwepo, ila kuna dirisha la kuchangia gharama, na kabla hujafika kwa daktari unafika dirishani. Nilikaa kwenye benchi. Mbele yangu alikuwepo mama mmoja kijana kutoka bondeni, na mtoto amelala mapajani, anapumua haraka haraka kama kifaranga. Akaitwa dirishani. Akarudi, akamfunga mtoto mgongoni taratibu, akachukua kikapu chake, akaondoka. Hakulia wala hakugombana na mtu. Mzee mmoja akamwuliza, "Mama, mbona unaondoka hujatibiwa?" Akasema, "Nitarudi." Wote pale benchini tulijua harudi. Unajua mimi nilifanya nini, mwenye duka, Mheshimiwa? Nilisogea mbele. Nafasi yake ilikuwa karibu na mlango.

Nakuandikia hili kwa sababu utakaa upande wa pili wa lile benchi. Sitakufundisha kazi. Ila nimekaa kwenye mabenchi hayo sasa miaka, na nimesikia wauguzi wakituuliza, "Kwa nini umechelewa?" Kila mara wanauliza kama vile tulikuwa dansini. Hakuna anayechelewa kwa sababu anapenda kidonda chake. Mmoja amechelewa kwa sababu ya dirisha. Mwingine gari la Mtowisa limekwama kwenye matope tangu juzi. Mwingine, kama mjinga mmoja unayemfahamu, amechelewa kwa sababu maisha yake yote alisubiri kunenepa, na sasa anaambiwa kwamba alichokisubiri ndicho kinachomuua, na hataki kuamini. Ukimwuliza swali hilo, hakikisha una muda wa kusikia jibu. Kama huna, mfunge bendeji tu.

Daktari wa siku ile alinipima, akaniambia niache sukari, niache soda, niache sembe, nile ugali wa dona au wa ulezi, mboga za majani, maharage, nitembee kwa miguu, na nikiweza nilime. Nilimtazama. Nikamwambia, "Daktari, yaani nimechangia gharama ili niambiwe niishi kama baba yangu?"

Akasema, "Baba yako aliishi miaka mingapi?"

"Mingi. Ila wanawe hawakuishi."

Tukabaki tunaangaliana kama watu wawili waliopanda gari lisilo lao. Akaniandikia vidonge. Nikavimeza, nikapata nafuu, nikaviacha. Ndiyo, niliviacha! Malaria ukipona unaacha vidonge. Nani alinieleza kwamba huu ni ugonjwa wa kuoana nao?

Na kidole kilipoanza kunuka, sikurudi dirishani. Nilikwenda kwenye duka la dawa pale karibu na soko. Siku hizi kila mwenye rafu ni mganga. Kijana aliniuzia vile vidonge vya rangi mbili, nusu vyekundu nusu njano, akasema, "Mzee, pasua, nyunyiza unga wake juu ya kidonda, siku chache tu kimekauka." Nikanyunyiza. Kilikauka kweli, kwa juu. Kwa chini kiliendelea na shughuli zake. Na mimi, muuza duka, nimeuza vitu vingapi kwa kuapa hivyo hivyo? Watu wananiuliza mafuta haya ni mazuri? Nawaambia haya ndiyo wanayotumia Dar es Salaam. Basi nimelipwa kwa sarafu yangu.

Sasa tufike pale penye kuuma.

Umeniuliza mara nyingi kwa nini nakataa, na kila mara nimekujibu kwa mzaha. Nilisema sitaki kuingia mbinguni nikiwa sijakamilika. Masanja akasema, "Kidole kitangulie kikakushikie nafasi, maana wewe kwenye foleni huwezi kusimama." Mama yako akasema yeye uzee huu hatafuti mume mwingine mwenye vidole vyote. Mlicheka wote, nami nikacheka, jambo likapita.

Ukweli ni kwamba siogopi kisu. Naogopa kuanza. Nimeona watu wangapi hapa mjini walioanza na kidole? Fundi cherehani wa pale jirani alianza na kidole, kisha mguu mpaka kwenye kifundo, kisha mpaka gotini, na kila mara aliporudi alikuwa anaitwa shujaa, na alipoisha tukamzika. Nikajiambia, mimi mlango huo siufungui. Nikasahau kwamba wenzangu wote hao walikwenda wakiwa wamechelewa kama mimi ninavyochelewa sasa. Fundi yule naye alikuwa na unga wa rangi mbili kwenye droo ya cherehani.

Na kuna jingine ambalo ni baya zaidi, kwa hiyo nalisema haraka. Ulipotamka kwamba hutapanda gari, moyo wangu ulifurahi. Ulisikia nikifoka, lakini ndani nilifurahi, Skola. Nilijiona nimepata njia. Nikikataa kidole, unabaki. Utanikorogea uji wangu wa ulezi usio na sukari, utanifokea, utanifunga bendeji, nami nitakuwa mgonjwa mwenye muuguzi wake nyumbani, bila dirisha. Nililala na wazo hilo kama nilivyolala na lile gunia. Asubuhi nikaamka nikaliona lilivyo. Nikaona vibaya.

Nafasi ya chuo haikungoji. Ukikosa kuripoti, wapo wasichana wengi wa kuijaza, na wewe utabaki hapa ukipima chumvi na mafuta ya taa, ukinichukia kidogo kidogo kila jioni, na hutaniambia.

Kwa hiyo leo asubuhi, niliposema nakwenda na Masanja kuona ng'ombe wake anayeumwa, hakukuwa na ng'ombe. Alinibeba kwenye baiskeli mpaka hospitali, akilalamika njia nzima kwamba magunia ya mpunga ya Mtowisa ni mepesi kuliko mimi na hayasemi. Tulimwona daktari. Nikamwambia, "Nataka kesho."

Akasema, "Mzee, tangu mwezi uliopita nakubembeleza. Leo haraka ya nini?"

Masanja akamjibu, "Kuna gari la kuwahi."

Wamenikubalia. Kesho alfajiri nitakuwa wodini, tumbo tupu kama walivyoagiza. Mama yako anajua. Umeona jinsi alivyokuwa anabishana nawe juu ya blanketi kwa sauti kubwa? Alikuwa anaficha.

Nimepanga saa ile ile ya gari lako, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Ungekuwepo, ungesema unangoja mpaka nitoke. Nikitoka, ungesema unangoja mpaka nikauke. Nakujua, wewe ni mbishi, sijui umerithi kwa nani. Mama yako atakusindikiza stendi, atakupa barua hii kwa dirishani ukiwa umeshakaa na mizigo iko juu, kisha atakuja kwangu. Masanja atakuwa mlangoni mwa wodi. Amekula kiapo kwamba nikijaribu kukimbia atanikamata kwa mkia. Nimemwambia mimi si ndama. Amesema ataona.

Nakujua utasimama ukifika hapa. Utamwita kondakta. Usifanye hivyo. Ukishuka kwenye gari, habari zitanifikia, mji huu hauna siri, na hapo hapo nitashuka kitandani nirudi nyumbani na kidole changu, na hakuna daktari wala Msukuma atakayenizuia. Hayo ndiyo makubaliano, nawe ndiye uliyeyaanzisha na ufagio mkononi.

Nina hofu, mwanangu. Naomba uniachie niwe nayo peke yangu asubuhi moja tu.

Gari likianza kuondoka shika kiti cha mbele yako, maana barabara ya Tunduma ni ya kupigana nayo. Wewe usishuke, nami sishuki.

Baba yako